Je, Yafaa Kuitafutia Spea Bastola ya Urithi?

Sisi watu wa Moshi tunajulikana kwa kutotupa kitu ovyo. Pampu ya maji, cherehani, baiskeli, hata Land Rover ya zamani, vyote hupata fundi, na vyote hupata spea. Tabia hiyo ni njema, maana anayetunza kitu anaiheshimu jasho ya aliyekinunua. Lakini liko swali moja ambalo tabia hiyo peke yake haiwezi kulijibu. Mzee amefariki, na katika sanduku lake imekutwa bastola kuukuu ya risasi sita, ambayo alikuwa na leseni yake, nayo imeharibika. Je, mrithi atafanya vema akiitafutia spea?

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Miongoni mwa bastola za namna hii zilizotumiwa na majeshi ya Waingereza ziko Webley Mk VI, ya mwaka 1915, na Enfield No. 2, ya mwaka 1932. Kwa kuwa viwanda viliacha kuziunda zamani, spea yake hutolewa katika bastola nyingine iliyokufa. Tena vipande vyake vilisawazishwa kwa tupa, kila bastola na vyake, hata spea ya jina lile lile yaweza isikae sawa. Ukivuta kifyatulio, kijino kidogo huzungusha silinda mpaka tundu la risasi lielekee mtutu, na kipande kingine huizuia hapo. Kijino kikiwa kimelika, tundu na mtutu havilingani. Risasi hukwangua ukingo, na vipande vya risasi huruka pembeni. Basi spea isiyofaa humdhuru hata mwenye bastola.

Pili, iko sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu fundi yeyote tu kugusa silaha, na leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na kihamba. Mrithi hana budi kwenda polisi kwanza.

Lakini tuseme leseni imepatikana, fundi mwenye kibali yupo, na spea imekaa sawasawa. Je, swali limekwisha? Sisi twaona ndipo linapoanza.

Wako wanaosema, "Ni ukumbusho wa mzee." Kama ni ukumbusho, mbona lazima ilie? Picha ya marehemu haihitaji kusema ndipo tumkumbuke. Wengine husema, "Ni kwa ajili ya wezi." Neno hili ni zito, na hatumcheki mwenye duka aliyevunjiwa mlango usiku. Hata hivyo, anayeitengeneza bastola ameanza kukubali moyoni kwamba iko siku atampiga mtu. Na aseme mbele ya Mungu, na mbele ya mkewe na watoto, ni nani huyo aliye tayari kumpiga. Katika vijiji vyetu vya mlimani, mwizi wa usiku mara nyingi ni kijana tuliyemwona akibatizwa.

Kanisa letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Uchaggani akiwa na mwavuli mkononi. Mwavuli haukumkinga na kila baya, kwa maana mwaka 1849 alinyang'anywa mali zake huko Machame. Lakini hakuna mama aliyelia kwa sababu yake. Baadaye, mwaka 1885, CMS walifungua kituo Moshi. Mwezi Juni 1892 ofisa Mjerumani von Bülow aliuawa akipigana na watu wa Mangi Meli, na Wajerumani wakawashitaki wamisionari kwamba waliwapa Wachagga bunduki. Wamisionari walikana, lakini iliwabidi waondoke Moshi, kazi yao ikaendelea Taveta. Ikiwa tuhuma tu ya bunduki iliweza kufunga mlango wa Injili, bunduki yenyewe itafunga milango mingapi kati ya jirani na jirani?

Kitabu cha kwanza cha Samweli chatueleza kwamba Waisraeli walikosa mhunzi, wakawategemea Wafilisti hata kunoa majembe yao. Sisi hatukupungukiwa hivyo. Wahunzi wa Mamba walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno. Moto ulikuwa mmoja, nyundo moja, na mwenye kuagiza ndiye aliyechagua kitoke nini. Hata leo, mwenye kutafuta spea anachagua.

Tena wazee wetu walituachia sale, jani la amani. Aliyekosa alilipeleka kwa aliyemkosea, na ilikuwa vigumu mtu kulikataa. Hilo halichakai wala haliagizwi ng'ambo. Limeoteshwa mpakani mwa kila kihamba.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: bastola ya marehemu ipelekwe polisi, isitafutiwe spea. Serikali imepata kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2023; lakini mwenye silaha ya halali hana haja ya kungoja msamaha. Jembe la mzee likivunjika mpini, tulitie mpini mpya bila kuchelewa. Bwana atupe hekima ya kujua ni kitu gani kitengenezwe, na ni kitu gani kiachwe kilale.