Miaka Minane ya Wajibu na Miwili ya Hisani

Katika sura ya 28 ya Qurani, al-Qasas, mzee wa Madiani, ambaye wafasiri wengi humtambua kuwa Nabii Shuaibu ingawa aya zenyewe hazimtaji jina, anamwajiri Musa aliyekimbia kutoka Misri bila mali wala jamaa, na kabla kazi haijaanza anambainishia kwamba, ili aozwe mmoja wa binti zake, atamtumikia miaka minane, na akiifikisha kumi basi hiyo miwili ya ziada itatoka kwake mwenyewe. Musa anakubali kwa sharti kwamba asidaiwe zaidi, muda wowote atakaoutimiza, ule wa miaka minane au ule wa kumi, na Mungu anafanywa shahidi.

La kuzingatiwa hapa ni kwamba anayetangulia kusema ni mwenye mali, si mwenye shida, na kwamba maneno yake yanatenga wajibu, yaani lile ambalo mtu hulaumiwa akiliacha, na hisani, yaani lile ambalo husifiwa akilitenda wala halaumiwi asipolitenda. Ndipo linapozuka swali ambalo ofisi nyingi huliruka: je, mfanyakazi anaweza kulaumiwa kwa haki kwa jambo ambalo mkuu wake alilitarajia moyoni lakini hakulitamka?

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walilijibu swali hilo katika mlango wa ijara, yaani mkataba wa kukodi kitu au nguvu ya mtu, ambao huharibika kwa jahala, yaani kutojulikana kwa kinachotakiwa au kwa malipo yake. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake, Minhaj al-Talibin, kimesomeshwa kwa muda mrefu na Waislamu wa madhehebu ya Shafii katika pwani ya Afrika Mashariki, anataka mwashi aelezwe mahali pa ukuta, urefu, upana na kimo chake, na vitu vitakavyojengewa. Naye mwalimu wa Qurani apimiwe kazi kwa muda au kwa kutajiwa sura atakazofundisha. Anakwenda mbali zaidi: fundi cherehani aajiriwe ama kwa siku ama kwa nguo maalumu, lakini akiambiwa aishone nguo hiyo ndani ya siku hiyo, mkataba haufai kwa kauli aliyoiona sahihi zaidi, kwa sababu, kama washereheshaji wanavyofafanua, kazi yaweza kwisha kabla ya siku au siku kwisha kabla ya kazi, na hapo haijulikani fundi anadaiwa kipi. Msimamizi wa leo, anayedai saa zote za kazi pamoja na malengo yote ya mwezi, huenda akaiona hukumu hiyo kuwa kali kupita kiasi, lakini swali la hukumu hiyo, kwamba mfanyakazi anadaiwa kipi, bado halijajibiwa.

Pingamizi lenye nguvu hutoka kwa fikihi hiyohiyo, inayotambua urfu, yaani ada iliyozoeleka, kiasi kwamba katika mambo mengi lililo mashuhuri kwa ada huchukuliwa kana kwamba limeshurutishwa; hakuna haja ya kumwambia mpishi aoshe mikono. Hata hivyo, ada humfunga anayeijua, na mwajiriwa mgeni hajui kwamba katika idara yake ripoti ya Ijumaa husomwa Alhamisi, wala adabu aliyolelewa nayo haimruhusu kumhoji mkubwa wake mara mbilimbili. Ukimya wake husomwa kuwa ameelewa, na kosa linapotokea huambiwa kwamba alipaswa kujiongeza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali, saa na ujira wake, lakini orodha za majukumu hupenda kumalizikia kwa kipengele cha kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake, ambacho, kwa kipimo cha Minhaj, kinairudisha kwa mlango wa nyuma jahala iliyokwisha kuondolewa. Kipengele hicho pia humnyima mfanyakazi nafasi ya kutenda hisani, kwa kuwa pale ambapo kila kitu chaweza kudaiwa, hakuna kinachobaki kutolewa kwa hiari. Musa aliachiwa nafasi hiyo: riwaya kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume Muhammad, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi ya Bukhari, inasema kwamba Musa alitimiza muda ulio mrefu zaidi.