Simba kama Amana: Nani Abebe Gharama ya Kumtunza?

Simba, ambaye zamani alienea karibu Afrika yote isipokuwa jangwa kavu la Sahara na misitu minene ya mvua, leo amebaki katika sehemu isiyofikia hata moja ya kumi ya eneo hilo. Mkoani Mara mpaka wa makazi yake uko wazi: kando ya Mto Suguti, wilayani Musoma, ambako mashamba na mifugo vimefika hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria, hana tena makao ya kudumu, ilhali upande wa Bunda bado yumo katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Huko kitanzi cha waya alichotegewa nyumbu humnasa yeye, na mzoga unaotiwa sumu kulipiza ng'ombe aliyeliwa waweza kuua kundi zima. Tena mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi uliohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti bila mtu yeyote kukusudia.

Kisasi dhidi ya simba kina kasoro, kwa kuwa kisasi hudai mkosaji, na mkosaji ni yule awezaye kuchagua. Lakini kumwambia mfugaji kwamba mnyama hana hatia hakumrudishii ng'ombe wake.

Septemba 1961, mjini Arusha, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama na wakati huo Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitamka kwamba wanyamapori ni dhamana iliyo mikononi mwa Waafrika kwa ajili ya vizazi vijavyo, akaomba pia mataifa mengine yachangie wataalamu na fedha. Sehemu hiyo ya pili hukumbukwa kwa nadra, nayo ndiyo yenye uzito wa kifalsafa. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, anayewekewa mnyama kama amana hapaswi kumhujumu, ila gharama za malisho yake humwangukia mwenye mali. Wajibu wa kutunza na wajibu wa kulipia ni vitu viwili.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 huweka kifuta jasho kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Ni malipo ya kumpoza aliyeathirika, wala hayakukusudiwa kufikia thamani ya kilichopotea. Kwa kuwa wasiozaliwa hawawezi kulipa, wenye amana walio hai ni wale wanaonufaika: hazina ya taifa, hoteli, watalii, na hata mkulima wa Suguti, ambaye usingizi wake umekuwa salama kwa sababu simba alisukumwa hadi kwenye zizi la mtu wa Bunda.