Mwaka Mmoja, Jembe na Samadi



Katika Injili ya Luka, sura ya 13, aya ya 6 hadi ya 9, Bwana wetu atueleza habari za mtini uliokaa miaka mitatu pasipo kuzaa. Mwenye shamba ataka ukatwe, na mtunza shamba auombea mwaka mmoja. Mara nyingi mahubiri yetu huishia kwenye uvumilivu wa Mungu, nasi huitikia Amina tukaenda zetu nyumbani. Lakini mtumishi yule hakuomba muda mtupu. Alieleza na kazi atakayoifanya: kuchimba kando ya mti na kuurutubisha kwa samadi. Bwana wetu hakuona haya kuitaja samadi katika mafundisho yake.

Hapa Terrat jambo hilo twalijua kwa pua. Maboma yetu yana malundo ya samadi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mengine yamekaa miaka mingi. Hatua chache nje ya ua wa miiba, mahindi yamesimama na rangi ya njano. Ndugu zetu wa juu, kwenye migomba ya Mlima Meru, humkatia ng'ombe majani bandani, na kitokacho bandani hurudi mgombani. Sisi wa tambarare twachunga. Ng'ombe hula nyasi za mbali mchana kutwa, na jioni hutuletea rutuba ya mbuga hadi mlangoni bila kudai nauli. Nasi twaiacha ichomwe na jua, au twaiuza. Lori laja, na lundo la miaka kumi lapakiwa asubuhi moja.

Hatuwalaumu wanaouza, maana mahitaji ya watoto shuleni hayangoji mvua. Ila yatupasa kuulizana: ni nani aliyeulizwa? Mara nyingi anayeshika jembe ni mama, na habari za lundo kuuzwa huzipata akiliona lori likiondoka. Jambo hili lazungumzwa kidogo mno kanisani.

Tuione basi kazi ya samadi. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, nao huonyesha nguvu zake upesi. Samadi kavu iliyotunzwa vema huwa na naitrojeni asilimia 1 hadi 2 hivi, kwa hiyo ili kupata kilo 23 hizo zahitajika tani moja au mbili. Ni kazi ya punda na ya mgongo. Lakini yurea haiupi udongo mboji. Samadi huupa, na mboji ndiyo ishikayo chembe za udongo pamoja, ikayaacha maji ya mvua yaingie ardhini na kukaa badala ya kukimbilia korongoni na udongo wetu. Kwa nchi kavu kama yetu, tendo hilo latosha kuipa samadi heshima. Anayeweza kununua yurea atumie vyote viwili, havigombani.

Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la shayiri ambalo kipande chake kimoja kilitiwa samadi kila mwaka tangu 1852 hadi 1871, kisha wakaacha. Miaka zaidi ya 100 baadaye, udongo wa kipande hicho ulikuwa bado na mboji nyingi kuliko kipande kisichotiwa kamwe. Waliobeba samadi ile walikuwa wamekwisha kuzikwa wote. Sisi tuliosomea ualimu wakati wa Elimu ya Kujitegemea tulishika majembe kila juma, wala hatukuwaza kwamba ndoo moja ya samadi yaweza kuishi kuliko mwalimu.

Hata hivyo samadi mbichi huunguza mimea na hubeba mbegu za magugu. Irundikwe kivulini pamoja na majani na mabua, inyunyiziwe maji kidogo, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu. Joto la lundo likipanda vizuri huua mbegu nyingi za magugu. Ikipoa na kunukia udongo, i tayari. Ikishatiwa shambani ifukiwe siku hiyo hiyo, maana ikiachwa juani sehemu ya naitrojeni yake huruka hewani.

Kabla ya mvua za masika tutagawa kipande kilicho nyuma ya kanisa sehemu mbili zilizo sawa, moja kwa samadi na nyingine bila. Mbegu itakuwa moja na palizi moja, na mavuno yatapimwa kwa debe miaka mitatu mfululizo. Kila nyumba ilete debe moja la samadi iliyooza. Akina baba waliokwisha kuahidi malundo yao kwa wenye malori, tafadhali wazungumze kwanza na mama wa nyumbani. Wenye punda waje mapema.