Ujira wa Mwenye Kuwaandikia Wengine

Tumeletewa swali na kijana akaaye Matisi, mtaa wa Kitale, nasi tumeona si vyema kumjibu peke yake, kwani vijana wa Mombasa na Malindi wamo katika kazi iyo hiyo, na wazee wao hula ujira huo bila ya kuuliza umetoka wapi. Asema alimaliza chuo akakosa kazi, ndipo akajifunza kuitafuta katika masoko ya mtandaoni, ambako mwenye haja aliyeko Marekani au Uingereza huitangaza kazi yake, watu wa kila nchi wakataja bei zao, na aliyempendeza akapewa. Huko ziko kazi za tarjuma, za hesabu, za kuchora na za kunakili maneno yaliyorekodiwa. Lakini iliyomlisha yeye ni moja: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, ambazo wao huzitia majina yao wakawapelekea walimu. Auliza: "Mimi nauza kazi ya mkono wangu, na uwongo wausema aliyenunua. Kosa langu ni lipi?"

Kabla ya kumjibu twataka kuwajibu wale wasemao kuwa kazi zote za mtandao ni mchezo wa wavivu. Mwenye kazi wa New York aingiapo ofisini saa tatu za asubuhi, Matisi ni saa kumi au kumi na moja za jioni. Kijana huyu huanza kazi watu wakirudi sokoni, akalala alfajiri. Na soko lenyewe hukata fungu lake. Upwork, iliyotokana na kuungana kwa Elance na oDesk, na kuitwa jina hilo mwaka 2015, ilitangaza mwaka 2023 kuwa itachukua 10 katika kila 100 azipatazo mfanyakazi. Huo ni udalali, na udalali si jambo geni Pwani. Serikali ya Kenya nayo iliwaita vijana katika kazi hizi kwa mpango wa Ajira Digital tangu mwaka 2016. Basi asili yake ni ujira kama ujira mwingine, na mwenye kuudharau kwa kuwa hauna ofisi wala tai amekosa.

Neno liko katika kile kinachouzwa. Miji yetu iliwajua makatibu walioketi na meza zao nje ya posta, wakiwaandikia barua wasiojua kuandika. Barua ilikwenda kwa jina la mwenyewe, wala hapana aliyesema kuwa katibu amedanganya, kwa sababu aliyeipokea alitaka khabari, hakutaka kuupima ujuzi wa mwenye kuileta. Mwalimu wa chuo hataki khabari. Insha za jambo lilo hilo amekwisha kusoma mamia. Ataka kujua kitu kimoja tu: mwanafunzi huyu amefahamu, au hakufahamu? Na insha ya kununua humjibu uwongo katika kitu hicho hasa. Aliyeiandika ajua kuwa haina kazi nyingine duniani illa hiyo.

Kitale ni nchi ya mahindi, na kijana wetu hakosi kujua kuwa bodi ya nafaka huyakataa mahindi yenye unyevu unaopita 13.5 katika 100. Mkulima akiweka makavu juu na mabichi chini, akamwuzia mchuuzi ajuaye, wao wawili wako radhi. Lakini gunia haliliwi na hao wawili. Litakwenda mji wa mbali, likishika ukungu wenye sumu, na mtoto asiyewajua ndiye atakayelila. Kisa cha Mtume kutia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umaji ndani yake, kila mmoja wetu amekisikia tangu utotoni. Kijana atwambia kuwa insha nyingi alizoandika ni za wanafunzi wa uuguzi. Basi mgonjwa wa kesho yumo katika biashara hii, naye hakuulizwa.

Wako wasemao kuwa wanaonunua ni matajiri, tena watu wa nchi zilizotutawala. Uchungu huo twaufahamu. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anakutana na waandishi hawa wa Kenya, imeonyesha akili zilivyo huku na shahada zikaenda kule. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imefanya kuwa hatia kuuza insha hizo, ikamwacha mwanafunzi mnunuzi kwa chuo chake. Mizani hiyo hatuisifu. Lakini udhalimu huu kijana aushonea nguo kwa mkono wake. Miaka mitano ameandika, na hana karatasi hata moja awezayo kumwonyesha mtu akasema ni yangu. Siku wote wawili watakapoomba kazi moja, shahada itakayomshinda ni ile aliyoiandika mwenyewe.

Akaunti za kukodi, za jina la mtu mmoja na mfanyakazi mwingine, hazihitaji maneno mengi: aliyemwajiri Fulani hakumpata Fulani.

Tangu ilipotoka ChatGPT, Novemba 2022, wengi wamekosa wateja, kwa kuwa mwanafunzi huiandikisha mashine. Tusiwahesabu hao kuwa wameacha, wameachwa.

Hatumwambii kijana alaze watoto na njaa usiku wa leo. Twamwambia aanze kuomba zile kazi nyingine, tarjuma na kunakili, hata zikimpa nusu, na kila apatapo moja apunguze insha moja. Na wafanyibiashara wetu wa Mombasa wanaotafuta watu wa kuwaandikia hesabu na barua, na wamtazame mtu wa namna hii kabla ya kumlaumu.

Ameuliza pia juu ya kusahihisha lugha katika insha aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe. Vyuo vingine huruhusu, vingine hukataza. Basi amtake mwanafunzi amletee kanuni ya chuo chake kabla ya kupokea malipo, na asiyekubali kuileta, amrudishie kazi yake.