Deni la Kangaga

Nina kangaga ndani ya chupa kubwa ya glasi, kwenye nyumba ambayo dirisha lake linaangalia ukuta wa ploti jirani. Mimea mingi ingekufa hapa. Kangaga liko sawa kabisa. Ni mmea wa chini ya miti, umezoea mwanga uliochujwa na majani ya wakubwa wake. Ukiweka hiyo chupa kwenye jua la saa saba, ndani kunageuka sufuria. Chini kuna kokoto, juu yake vipande vya makaa, halafu udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Ukishafunika, maji yanapanda kama mvuke, yanashika glasi, yanateremka tena kwenye udongo. Wiki zinapita bila mimi kugusa kitu. Ukungu ukizidi nafungua kidogo ipumue, basi.

Wageni wakija wananisifu ati niko na roho ya kutunza. Hapo ndipo nasita. Hewa ya hii nyumba ni kavu, na kangaga likitolewa nje majani yatakunjika siku chache tu. Linanihitaji, ndiyo. Lakini linanihitaji kwa sababu liko kwenye chupa, na chupa nilichagua mimi. Sasa nikikuweka mahali huwezi kuishi bila mimi, halafu nikakupa maji, huo ni wema?

Hizi chupa zina historia. Mwaka 1829, daktari wa London aitwaye Nathaniel Bagshaw Ward alifukia pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akafunika, akisubiri nondo atoke. Kikachipuka kikangaga. Makangaga ya bustani yake yalikuwa yakimshinda kwa moshi wa makaa ya mawe, na hili hapa lilistawi bila msaada wa mtu. Mwaka 1833 akatuma masanduku mawili ya glasi hadi Sydney kwa meli, mimea ikafika hai. Baadaye Robert Fortune akatumia masanduku kama hayo kuhamisha maelfu ya miche ya chai kutoka Uchina hadi India. Na chai iliyopandwa Limuru mwaka 1903 ilitoka India.

Chai nayo ikajenga chupa zake. Kwenye mashamba makubwa ya Kericho utakuta nyumba za wafanyakazi, maji, zahanati, shule, vyote ndani ya shamba. Nimesikia watu wakisema wale wana bahati, hawalipi kodi. Sawa. Lakini nyumba inashikana na kazi. Mashine ya kuchuma ikifika, vyote vinaondoka pamoja.

Najua utaniambia mtoto pia huzaliwa hajiwezi, na hakuna mzazi anayeshtakiwa kwa hilo. Kweli, sisi wote tulianza kwa kubebwa. Ila mtoto hufundishwa kutembea. Mimi naona tofauti iko hapo: kuna anayekutunza akingojea siku utakayosimama, na kuna anayekutunza akiiogopa hiyo siku. Kwa nje huwezi kuwatofautisha, maana wote wawili wanakuletea chakula. Wakati mwingine ni mtu mmoja.

Kangaga langu halitajifunza kuishi sebuleni, kwa hivyo maji ninayolipa si zawadi. Nalipa deni langu mwenyewe, na sioni sababu ya kupigiwa makofi.

Kwa watu ni ngumu zaidi. Tangu niache chuo, shangazi yangu ndiye hulipa kodi ya hii nyumba. Ananipenda, sina shaka. Lakini kila nikipata pesa ya makala na nijaribu kuchangia, hata elfu mbili, anarudisha. "Weka, utaihitaji." Halafu tukikosana kuhusu jambo lolote, hata mambo ya nywele zangu, linakuja lile neno: baada ya yote niliyokufanyia. Siwezi kusema ni uongo. Amefanya. Ila deni ambalo mwenyewe hakubali ulipe ni mfuniko, na anayeushika ndiye anaamua ukungu umezidi lini.

Mwezi huu sikumtumia yeye. Nimetuma elfu mbili moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nikamforwadia shangazi ile meseji. Ameisoma tangu Jumanne. Bado hajapiga.