Nani Mwenye Jina?

Mashabiki wengi wa Black Sabbath, bendi ya roki iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1968, huamini kwamba bendi halisi ni ile ya Ozzy Osbourne. Mimi naipenda zaidi ile ya Tony Martin, aliyeingia mwaka 1987 na kuimba katika albamu tano. Nikisema hivyo naambiwa, "Hiyo si Sabbath."

Kauli hiyo ina maana gani hasa? Kusema albamu ni dhaifu ni hukumu moja; kusema si yao ni hukumu nyingine. Ya kwanza humtaka mtu asikilize. Ya pili haimtaki. Forbidden ya mwaka 1995 ni dhaifu, nakiri, na sina haja ya kuitetea. Lakini Headless Cross ya mwaka 1989 hukataliwa hata na watu wasiowahi kuisikia, kwa hoja kwamba mwimbaji hakuwapo mwanzoni. Kama kuwapo mwanzoni ndiko kunakompa mtu haki ya jina, basi mpiga gitaa Tony Iommi alikuwapo, naye yumo katika kila albamu. Waasisi wenzake watatu walipoondoka, yeye alibaki na jina hilo, na Martin akamsaidia kulibeba.

Huenda nina upendeleo. Kanda ya Headless Cross niliikuta katika lori la baba yangu wa kambo, aliyekuwa akisafirisha mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala. Angekuwa na kanda nyingine, labda ningependa nyingine. Lakini hiyo haifanyi penzi langu kuwa la uongo. Hata Kiswahili nilikipata katika lori hilohilo.

Mzee huyo alitulipia karo miaka tisa. Siku dada yangu alipoposwa, baba aliyetuzaa alitokea, akapewa kiti cha mbele. Mzee alikuwa nyuma akigawa soda. Wazee wa ukoo walisema baba ni baba. Nami sikusema neno, mimi ninayebishana usiku kucha kwa ajili ya mwimbaji nisiyewahi kumwona.

Osbourne naye alirudi mwaka 1997, na Julai 2025 waasisi wote wanne walipiga onyesho la mwisho kwao Birmingham. Nililitazama, machozi yakanitoka kama wengine. Simnyimi mtu nafasi yake. Ninachokataa ni kwamba ili tumheshimu wa kwanza, lazima tumfute aliyeishika nyumba wakati mwenyewe hayupo.

Albamu nne kati ya zile tano, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa adimu, zilitolewa upya mwaka 2024. Nilimpigia mzee simu kumwambia. Kanda yake ilimezwa zamani na redio ya lori, karibu na mwisho. Akaniuliza ule wimbo wa mwisho unaishaje.