Mnunuzi Hakuuliza

Ukienda kufanya sachi ya ploti kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, iwe Kitui mjini au Wote, karatasi utakayopewa itakuambia mwenye shamba ni nani, ukubwa wake ni upi, kama kuna benki inayolishikilia na kama kuna mtu ameweka zuio. Haitakuambia kama maji yaliyo chini ya ardhi hiyo yananyweka. Hakuna safu ya jambo hilo. Na huku Ukambani, ukiniuliza mimi, hilo ndilo swali la kwanza, hata kabla ya kuuliza barabara iko wapi.

Sababu yake inajulikana na kila aliyelelewa huku. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba ya kale huyeyusha chumvi, na nchi yenye mvua chache na jua kali haina maji mapya ya kutosha ya kuyapunguza makali. Kwa hiyo unaweza kuchimba kisima kirefu kwa mashine, ukatumia zaidi ya milioni moja, ukapata maji mengi kabisa ambayo ng'ombe wanayanywa kwa kukunja uso. Sabuni haitoi povu. Chai inakuwa na ladha ya kitu kingine. Jirani yetu wa upande wa juu alichimba mwaka 2019. Maji yaliporuka watu walipiga vigelegele, kisha mtu mmoja akaonja.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kwa Vonza, ambako bei ya ploti imepanda tangu chuo cha SEKU kipate hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wanafunzi wanahitaji vyumba, na mwenye pesa kidogo Nairobi anaona bedsita kumi zikijilipa zenyewe. Sisi tulikuwa tunauza ploti mbili za 50 kwa 100 kutoka shamba la marehemu baba. Mirathi ilikuwa imekamilika na mahakama imethibitisha. (Hili wengi hulirukia, na ni hatari: kabla ya uthibitisho huo sheria hairuhusu shamba la marehemu kuuzwa, hata kama familia nzima imekaa chini ya mwembe ikakubaliana.) Pesa zilikuwa na kazi tayari. Karo ya ndugu yangu mdogo, na paa la mwaitu ambalo limekuwa likivuja tangu baba akiwa hai.

Mnunuzi alikuwa dada mmoja wa Nairobi, kijana wa rika langu, anayeweka akiba kwenye sacco. Alikuja Desemba. Mtu yeyote anayeijua Kitui anajua Desemba ikoje baada ya mvua za vuli: mbaazi zimechanua, mito ina maji, hata mbuzi wanaonekana wana furaha. Aliuliza kuhusu hati. Aliuliza kuhusu stima na umbali hadi geti la chuo. Aliuliza kama vijana wa pale ni wezi, akacheka, nasi tukacheka. Akakubali 650,000 kwa ploti zote mbili. Maji hakuuliza.

Jioni hiyo baba mdogo alisema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi kuliko mahubiri mengi. Alisema: kila mtoto wa hapa anajua maji ya hapa ni chumvi. Angemuuliza hata mwendesha boda aliyemleta, angeambiwa. Hatujadanganya. Hatujasema maji ni matamu. Ana macho, ana mdomo, ana wakili. Kwani sisi ni walimu wake?

Si hoja ya kijinga. Ni hoja ya sheria tuliyorithi kutoka kwa Waingereza, ile ya mnunuzi ajihadhari. Ukimdanganya mtu kuhusu shamba anaweza kukupeleka kortini. Ukinyamaza kuhusu kasoro ambayo angeweza kuigundua mwenyewe, kwa kawaida sheria inakuacha. Fikihi ya Kiislamu, ambayo ndugu zetu wa Pwani wameiishi kwa karne nyingi, inaegemea upande wa pili: kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu na kudai pesa zake. Na hata kithitu, kiapo chetu cha zamani ambacho wazee wengi bado wanakiogopa kuliko hakimu, kinamkamata anayesema uongo. Baba mdogo angeweza kula kithitu asubuhi, akaapa kwamba hakumwambia yule dada neno lolote la uongo, na akarudi kunywa chai. Kimya hakina kiapo.

Miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita Cicero, mwanasiasa wa Roma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo kitabu kuhusu wajibu, akimwandikia mwanawe, na ndani yake kuna nyumba inayouzwa. Mwenye nyumba anajua kwamba haifai kwa afya, mbao zake zimeoza na nyoka wanaingia vyumbani. Mwingine yeyote hajui. Anyamaze? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema karibu yale yale ya baba mdogo: hakukulazimisha kununua, ametangaza tu kwamba anauza, na kama uamuzi ulikuwa mikononi mwa mnunuzi, udanganyifu uko wapi? Antipater anajibu kwamba kunyamaza hapo ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, kwa sababu wewe unamwacha apotee huku ukijua, na unafaidika. Cicero anakaa upande wa Antipater. Nilifurahi kukuta kwamba Roma pia walibishana hivi. Ila Antipater hakuwa na ndugu mwenye karo ya kulipwa Januari.

Maana swali langu halikuwa kama kusema ukweli ni kuzuri. Swali lilikuwa kama mimi nina haki ya kusema ukweli kwa pesa za watu wengine. Mimi nina kazi Nairobi. Paa linalovuja halinidondokei. Ni rahisi sana kuwa mwadilifu kwa gharama ya mama yako, halafu urudi mjini na usafi wako kwenye basi la saa nane.

Baba mdogo aliliona hilo, akalisukuma mbali zaidi. Akauliza: wale walionunua mashamba kando ya njia ya reli huko Emali na Kibwezi, kabla treni ya SGR haijaanza kubeba abiria mwaka 2017, kuna aliyemwambia mzee anayemuuzia kwamba shamba lake litapanda bei? Na wale walionunua karibu na Konza kabla mzee jirani hajasikia habari ya jiji la teknolojia? Mtu wa mjini akijua asilolijua mtu wa kijijini, hiyo inaitwa biashara. Mtu wa kijijini akijua asilolijua mtu wa mjini, ghafla inaitwa dhambi.

Hapo sikuwa na jibu usiku ule. Ninalo kidogo sasa, na silitoi kwa kifua. Cicero ana mfano mwingine, wa mfanyabiashara anayefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani. Aseme, bei ianguke? Cicero anasema naye aseme. Mimi hapo namwacha kidogo. Habari za meli ni habari za kesho. Zinaweza kubadilika, na kila mtu anakisia kwa njia yake. Nafaka yenyewe ni nzima. Chumvi si habari za kesho. Imo ndani ya kitu chenyewe ninachouza, na itakuwamo siku nitakapokuwa nimesahau jina la mnunuzi. Mtu aliyekisia kwamba reli itapita ameuziwa shamba zima na amelipa bei ya siku hiyo. Aliyeiba ramani ofisini kabla haijatangazwa, huyo ni mwizi na simtetei. Lakini makosa yake hayampi baba mdogo ruhusa juu ya dada wa sacco, ambaye hajawahi kununua chochote karibu na reli yoyote.

Tena chumvi haikomei kwa mnunuzi. Yule dada alikuwa anajenga bedsita. Maji yakikataa, atanunua ya lori, na pesa za lori ataziweka kwenye kodi. Kuna tangazo utaliona limebandikwa kwenye nguzo za stima karibu na vyuo vyote vya nchi hii: vyumba vipo, maji yapo. Muulize mpangaji maji gani, ya siku ngapi kwa wiki. Msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Busia atafua nguo kwa maji yasiyotoa povu kwa sababu watu fulani, kabla yeye hajamaliza sekondari, walinyamaza jioni moja ya Desemba.

Mwaitu ndiye aliyekuwa hajasema. Yeye amebeba maji kwa mgongo miaka mingi kabla hatujanunua punda, na anajua ni shimo gani mtoni hukauka Agosti na lipi hufika Oktoba. Nilipomuuliza alisema, mwambie, lakini ukimwambia palipo pabaya, mwambie na palipo pazuri. Akaendelea kuchambua mbaazi.

Nilimpigia yule dada Jumatatu. Nilimwambia habari ya kisima cha jirani. Nikamwambia pia kwamba mto wa mchanga ulio chini yetu, kama kilomita mbili, una bwawa la mchanga, ukuta unaozuia mchanga wa mafuriko ili maji yabaki katikati ya chembe zake ambako jua haliyafikii. Kitui ina mabwawa ya namna hiyo kwa mamia. SASOL walianza kuyajenga na wanavijiji miaka ya 1990. Maji yake ni matamu. Huuzwa kwa mtungi na wenye punda, shilingi 20, na kiangazi kikibana hata 50. Nikamwambia kwamba mabati mapana na tangi la chini ya ardhi ndivyo vilivyowaokoa wenye vyumba wengine.

Akanyamaza. Kisha akauliza kwa nini namwambia. Nadhani alifikiri kuna mtego. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwamba tumefika mahali ambapo muuzaji akisema kasoro ya shamba lake, mnunuzi anaanza kutafuta kasoro nyingine kubwa zaidi aliyoificha. Baada ya wiki mbili alirudi na bei ya 480,000. Tukakubali.

Ndugu yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Umempa ukweli kwa pesa zetu." Laki moja na elfu sabini. Ameahirisha muhula mmoja, na mimi ninalipa kilichobaki kidogo kidogo, jambo ambalo pia analiona kama hila ya kutuliza dhamiri yangu. Huenda ana haki ya kuliona hivyo. Lakini kuhusu zile laki moja na sabini, hapo sikubaliani naye. Baba alituachia ardhi, na ardhi ile na chumvi yake ilikuwa ya 480,000 tangu mwanzo. Kilichozidi kilikuwa bei ya kutojua kwa yule dada. Hicho baba hakuwa nacho cha kutuachia.

Kuna mipaka, najua. Sikumwambia kwamba jirani wa chini hupiga muziki Jumamosi, wala kwamba diwani alishaahidi lami mara mbili. Ya kwanza atayasikia, ya pili hakuna anayeyajua, diwani mwenyewe akiwamo. Nilisema kile nilichokijua kwa hakika, ambacho yeye asingekiona kwa macho Desemba, na ambacho kingemgharimu akiba yake. Sina kanuni bora kuliko hiyo.

Na wewe unayenunua, usimsubiri muuzaji awe Antipater. Nenda Septemba au mapema Oktoba, kabla ya mvua, wakati ardhi haiwezi kukudanganya. Muache broka kwenye gari. Fuata punda wenye mitungi uone wanatoka wapi, omba maji ya kunywa kwenye nyumba tatu tofauti, na uyanywe kweli. Kama unapanga kuchimba, mlipe mtaalamu wa maji ya ardhini apime kabla hujalipia ploti. Ripoti yake utaihitaji tu kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mauzo yenyewe ni batili na unabaki kudai pesa zako kama deni.

Sisi tulikwenda mbele ya bodi mwezi wa Machi. Walitaka kuona vitambulisho, wakatuuliza mmoja mmoja kama tunajua shamba linauzwa. Mwaitu akasema anajua. Baba mdogo, aliyekuja kama shahidi, akasema anajua. Mwenyekiti akamgeukia ndugu yangu, akamuuliza kama amekubali kwa bei hiyo au amelazimishwa. Alikaa kimya muda mrefu kiasi cha karani kuinua kichwa. Kisha akasema, nimekubali.